Hendry, O'Sullivan au Davis: Umwangalie Nani Bando Likiwa la Mechi Chache?

Hapa Busia, upande wa Uganda, meza ya pool haipumziki. Malori yakijipanga kusubiri kuvuka kwenda Kenya, dereva anacheza, utingo anacheza, na kijana wa bodaboda anaegesha pikipiki chini ya mwembe kisha anaweka sarafu yake ya shilingi 500 ukingoni mwa meza kushika zamu. Msamia, Mteso, Mganda, Mkenya, Mkongo, wote wanabishana kwa Kiswahili kuhusu mpira uliogusa au haukugusa. Ninasimamia meza mbili za namna hiyo, na kabla ya hapo nilibahatika kucheza miaka kadhaa kwenye meza kubwa ya snuka kule Kampala. Ndiyo maana vijana hunijia na swali hili:

"Mwalimu, bando langu linatosha mechi tatu tu. Nipakue za nani?"

Snuka wameiona kwenye simu, vipande vya dakika moja moja. Jamaa kavaa kizibao na tai ya kipepeo, mipira inaingia kana kwamba inaitwa majina. Sasa wanataka kujifunza. Wanaotajwa ni wale wale: Stephen Hendry wa Uskoti, Ronnie O'Sullivan wa Uingereza, na wazee wakiwepo, Steve Davis. Kila mmoja ana mashabiki wake na kila shabiki ana hesabu zake. Hesabu hizo nitazitoa, lakini haziwezi kukuchagulia. Tazama jinsi miaka ya kila mmoja ilivyojipanga, halafu ujiulize wewe umefika wapi katika mchezo wako.

Kwa aliyezoea pool peke yake, kuna mambo machache ya kujua kwanza. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, kitanda chake ni cha jiwe, na uzito wake unapita tani moja. Mipira ni midogo kuliko yetu na midomo ya mifuko haisamehi. Kuna mipira 15 myekundu, kila mmoja pointi 1, na ya rangi sita: njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6, nyeusi 7. Unaingiza mwekundu, kisha wa rangi. Wa rangi unarudishwa mezani. Unarudia hivyo mpaka vyekundu viishe, halafu unamaliza rangi kwa mpangilio kuanzia njano. Ukiingiza vyekundu vyote 15 na kila kimoja ukakifuatisha na nyeusi, una pointi 120. Rangi sita za mwisho zinaongeza 27. Hapo umepata 147, ile namba ambayo vijana huitamka kama jina la mtu. Ukifikisha pointi 100 kwa zamu moja bila kukosa, hiyo ni senchuri.

Mashindano makubwa ni matatu. Ubingwa wa Dunia unachezwa kwenye ukumbi wa Crucible mjini Sheffield tangu 1977, na fainali yake anashinda wa kwanza kufikisha fremu 18 (fremu ni raundi moja ya mchezo, tangu mipira inapopangwa). Kuna UK Championship, na kuna Masters inayoalika 16 bora tu. Haya, tuwapange:

Hendry: Dunia 7, UK 5, Masters 6. Jumla 18.
O'Sullivan: Dunia 7, UK 8, Masters 8. Jumla 23.
Davis: Dunia 6, UK 6, Masters 3. Jumla 15.

Ukitazama mataji yote yanayohesabiwa kwenye orodha ya ubora, Davis ana 28, Hendry 36, na O'Sullivan alikuwa amefikisha 41 mwanzoni mwa 2024. Kwa upande wa 147 katika mashindano rasmi, Davis ana moja, Hendry 11. O'Sullivan alikuwa na 15 mpaka Agosti 2025, alipofunga mbili ndani ya mechi moja dhidi ya Chris Wakelin kule Jeddah, Saudi Arabia, akiwa na umri wa miaka 49. Zikawa 17.

Basi anayeuliza nani mkubwa kwa rekodi, jibu ni O'Sullivan, na sioni haja ya kulizungushazungusha. Lakini kijana hakuniuliza nani mkubwa. Ameuliza amwangalie nani.

Rudi kwenye zile saba za dunia, kwa sababu hapo wawili wanalingana. Hendry alizichukua mwaka 1990, 1992, 1993, 1994, 1995, 1996 na 1999. O'Sullivan alizichukua 2001, 2004, 2008, 2012, 2013, 2020 na 2022. Zisome tena polepole. Za Hendry zote zimebanana ndani ya miaka kumi. Za O'Sullivan zimetawanyika kwa zaidi ya miaka ishirini, na kati ya taji na taji kuna mapengo ambayo mtu mwingine angekuwa ameshastaafu. Sisi wa huku tunaolima tunaelewa haraka: Hendry ni mahindi ya msimu uliokubali, shamba zima linavunwa kwa mpigo. O'Sullivan ni mgomba. Unakata mkungu, unadhani yameisha, pembeni kuna chipukizi.

Sasa Hendry mwenyewe. Alianza kulipwa mwaka 1985 akiwa na miaka 16. Mwaka 1990 alimfunga Jimmy White 18-12 na kuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 21. Hajatokea mdogo zaidi yake kulichukua taji hilo. Kabla yake, wakubwa wa mchezo walipenda kusubiri. Unaficha mpira mweupe, mwenzako anaficha, mnazungukana mpaka mmoja akosee. Hendry aliona mwekundu ulioko mbali, akaupiga. Akipata nafasi ya bluu, aliuingiza mfuko wa kati huku mweupe ukienda kulivunja fungu la vyekundu, na kutoka hapo fremu ilikuwa yake kwa zamu moja. Leo karibu kila mtu anacheza hivyo, kwa hiyo kijana akiangalia mechi za zamani anaweza asione ajabu yoyote. Lakini yule kijana wa Uskoti ndiye aliyeufanya uwe mchezo wa kawaida.

Ukiwa ni mtu wa kukata tamaa mapema, mechi yako ni fainali ya dunia ya 1992. White alikuwa mbele 14-8, anahitaji fremu nne tu. Hendry akashinda kumi mfululizo. Kumi! Ikaisha 18-14. Nimeirudia mechi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kinachonishika si zile fremu kumi bali uso wake. Akiwa nyuma 8-14 na akiwa mbele 17-14, uso ni ule ule. Hapa kwetu mtu akiwa nyuma mipira miwili anaanza kulaumu meza.

Miaka miwili baadaye, katika michuano ile ile, alianguka hotelini na kuvunjika mfupa wa mkono. Aliendelea kucheza. Fainali, tena dhidi ya White, ilifika 17-17. Katika fremu ya mwisho White alikosa mpira mweusi uliokuwa kwenye alama yake, na Hendry akasimama, akasafisha. Kati ya 1992 na 1997 alishinda mechi 29 mfululizo pale Crucible, mpaka Ken Doherty alipomzuia kwenye fainali.

Halafu shamba likachoka. Mwaka 2002 alifika fainali na kupoteza 17-18 kwa Peter Ebdon. Taji lake la mwisho la orodha ya ubora lilikuwa mwaka 2005. Yeye mwenyewe ameeleza wazi kwamba mkono ulikuwa unakataa kuisukuma fimbo pale pale anapotaka kupiga. Akili inasema nenda, mkono unasita. Mwaka 2012, Crucible, alifunga 147 katika mechi ya kwanza, na siku chache baadaye Stephen Maguire akamfunga 13-2. Alitangaza kustaafu jioni ile ile, akiwa na miaka 43. Baadaye, mwaka 2021, alirudi kujaribu, lakini mataji hayakurudi.

Ukitaka kumpima Hendry na O'Sullivan bila ushabiki, usiwapime kwa mataji. Wapime walipokutana. Mwaka 1993, fainali ya UK, O'Sullivan alikuwa na miaka 17 na Hendry ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Kijana akashinda 10-6, na hakuna mdogo zaidi yake aliyewahi kuchukua taji hilo. Baada ya hapo walikutana mara nne kwenye nusu fainali ya dunia. Mwaka 1999, Hendry 17-13. Mwaka 2002, Hendry tena 17-13. Mwaka 2004, O'Sullivan 17-4. Mwaka 2008, O'Sullivan 17-6. Ndani ya mechi hizo nne unaona kila kitu: mmoja anashuka, mwingine anapanda, na mahali walipopishana ni kati ya 2002 na 2004. Ile 17-4 inaniuma kuitazama mpaka leo, maana anayekaa kwenye kiti ni mtu aliyekuwa mfalme wa chumba kile.

O'Sullivan alianza kulipwa mwaka 1992, mwaka mmoja na John Higgins na Mark Williams. Hao wawili wanastahili zaidi ya mistari michache nitakayowapa. Higgins ana mataji manne ya dunia na sijaona mtu anayejua kuichukua fremu iliyokwisha kupotea kama yeye. Williams ana matatu, na mwaka 2025 alifika fainali akiwa na miaka 50, akapoteza 12-18 kwa Zhao Xintong wa China. Kwamba watatu walioanza mwaka mmoja bado wapo mezani baada ya miaka zaidi ya thelathini ni jambo ambalo mchezo wowote ungejivunia.

Watu humjua O'Sullivan kwa kasi. Ile 147 ya mwaka 1997 dhidi ya Mick Price ilichukua dakika 5 na sekunde 8, na ndiyo kipande ambacho kila kijana amekiona. Kwa maoni yangu ndicho kipande kibaya kuliko vyote cha kujifunzia. Anayekiangalia anatoka hapo anapiga haraka, na kupiga haraka kwake ni matokeo, si njia. Tazama kitu kingine: mpira wake mweupe hausafiri. Akiwa kwenye fungu, mweupe unasogea kiganja, viganja viwili, kati ya pinki na nyeusi. Hapigi kwa nguvu kwa sababu hana anachokimbilia mbali. Pigo la namna hiyo linafaa sana meza zetu, ambazo kitambaa kimeraruka pembeni na mvua ikinyesha kinakuwa kizito; ukiupiga mweupe utembee meza nzima, utafika unakotaka meza, si unakotaka wewe.

Na anapiga kwa mikono yote miwili. Ni wa kulia, lakini mpira ukiwa mahali pabaya anabadilisha na kupiga kwa kushoto, bila kuhitaji kigongo cha kuegemea. Hili linafundishika. Nina kijana hapa, fundi wa kuziba pancha, aliyeanza kujaribu kushoto mwezi mmoja tu na tayari ana mapigo matatu ambayo hakuwa nayo.

Lakini kuna O'Sullivan mwingine ambaye sitaki vijana wangu wamwige. Mwaka 2006, robo fainali ya UK, akiwa nyuma 1-4 dhidi ya Hendry huyo huyo katika mechi ya kufikisha fremu tisa, aliacha fremu katikati, akampa mkono mwenzake, akaondoka zake. Alitozwa faini. Kwa miaka mingi alikuwa akisema anaacha mchezo, na mwenyewe ameeleza hadharani jinsi alivyosumbuliwa na huzuni nzito. Kilichombadilisha ni kwamba alitafuta msaada. Kuanzia mwaka 2011 alifanya kazi na daktari wa akili, Steve Peters, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Halafu akakaa karibu msimu mzima bila kucheza, akarudi Sheffield mwaka 2013, akalitetea taji lake. Mwaka 2022 alimfunga Judd Trump 18-13 na kuwa bingwa mkubwa kwa umri katika historia ya Crucible, miaka 46. Mwaka 2023 alichukua UK siku mbili kabla ya kutimiza miaka 48. Taji lile lile la 1993! Miaka thelathini kati ya la kwanza na la nane, na sasa yeye ndiye mdogo kuliko wote na mkubwa kuliko wote kuwahi kulichukua.

Nilipokuwa na miaka thelathini na nane niliacha kucheza mashindano. Macho yalianza kunidanganya kwenye mipira ya mbali, na mara mbili mfululizo nilipoteza fainali ya hapa mjini nikiwa mbele. Niliweka fimbo juu ya kabati. Iliyonirudisha ni fainali ya 2022, niliyoitazama nimesimama nje ya duka la jirani kwa sababu kwangu umeme ulikuwa umekatika. Kwa hiyo ukiniuliza mimi binafsi nimchague nani, unajua tayari.

Wewe kijana je? Kama ndiyo unaanza, jibu langu si O'Sullivan wala Hendry. Anza na Davis, hata kama wenzako watakucheka.

Davis alianza kulipwa mwaka 1978 na kuitawala miaka ya themanini: fainali nane za dunia ndani ya miaka tisa, akashinda sita, 1981, 1983, 1984, 1987, 1988 na 1989. Hiyo ya mwisho alimfunga John Parrott 18-3. Mwaka 1982 kule Oldham alikuwa wa kwanza kufunga 147 rasmi mbele ya kamera za televisheni, na zawadi yake ilikuwa gari la Lada. Watu walimwita mtu asiye na ladha. Ladha anayo, ila iko kwenye maandalizi. Anasimama nyuma ya pigo, anatazama mstari, anatembea kuingia kwenye mstari huo huo, anainama, fimbo inakwenda na kurudi, inasimama kidogo, inapita moja kwa moja. Pigo la kwanza la asubuhi na pigo la usiku wa manane ni pacha. Mwili wako hauna kipaji cha O'Sullivan na pengine hauna moyo wa Hendry, lakini unaweza kusimama kama Davis. Unahitaji ukuta, mstari wa chaki sakafuni na wiki chache.

Fainali maarufu ya Davis ni ile aliyopoteza, ya mwaka 1985. Alikuwa mbele 8-0. Dennis Taylor akamkimbiza mpaka 17-17, na fremu ya mwisho ikaamuliwa na mpira wa mwisho kabisa, mweusi. Taylor hakuwa ameongoza hata mara moja katika mechi nzima mpaka mpira huo ulipoingia. Watu milioni 18.5 Uingereza walikuwa macho baada ya saa sita usiku. Mwaka uliofuata Davis akapoteza fainali nyingine, kwa Joe Johnson. Mwingine angevunjika. Yeye alirudi akashinda tatu mfululizo kwa maandalizi yale yale, bila kubadilisha hata namna ya kushika chaki. Mwaka 1997, akiwa na miaka 39, alikuwa nyuma 4-8 kwenye fainali ya Masters dhidi ya O'Sullivan wa miaka 21, akashinda 10-8. Na mwaka 2010, mzee wa miaka 52, alimtoa Higgins aliyekuwa bingwa mtetezi pale Crucible.

Ukishakuwa na msimamo unaoaminika, na tatizo lako ni kuogopa mipira ya mbali au kuzubaa ukiwa nyuma, nenda kwa Hendry wa 1990 hadi 1996. Ukishafika mahali unaingiza mipira lakini zamu inakatika kwenye pointi ishirini au thelathini kwa sababu mweupe unakukimbia, hapo ndipo O'Sullivan atakufaa, na usimtazame kabla. Na kama wewe ni wa umri wangu, ruka foleni, anza na 2022.

Namna ya kutazama nayo ina uzito wake. Simamisha video kabla ya pigo, sema kwa sauti mweupe utasimama wapi, weka kidole kwenye kioo, halafu endelea. Ukikosea mara tano mfululizo, rudisha nyuma. Mechi moja ukiitazama hivyo inakula jioni nzima, kwa hiyo bando la mechi tatu ni la mwezi. Wanaokuja kwangu tunatazama pamoja ili mtu mmoja tu apakue. Jumamosi hii, umeme ukiwepo, saa kumi jioni ni Davis na Taylor, fremu kumi za mwisho. Meza zitasimama mpaka tumalize.